Kalamu ya Isongole

Saa kumi kasoro robo, baridi imeganda kwenye nyasi,
kalamu iliruka.
Si sana. Unene wa ukucha wa mtoto.
Nilikuwa nimekalia debe, namenya kiazi cha moto,
jiko la mkaa katikati ya miguu,
nikadhani ni Rungwe anageuka usingizini.

Lakini Rungwe namjua, mwaka wa kumi na tisa huu namkesha.
Akishtuka huku husukuma, kule huvuta,
kisha hugugumia kama mlevi anayetafuta kitasa,
hadi vikombe vya Mama Ambwene vigongane kabatini.
Hii haikugugumia.
Ilisukuma mara moja,
halafu kimya,
kama mtu aliyebamiza mlango
akabaki nyuma yake, anasikiliza.

Nikaandika saa, dakika, sekunde.
Nikaondoa dakika kumi na mbili za njiani,
chini ya bahari, chini ya mabara,
chini ya makaburi ya watu nisiowajua.
Kidole kikatembea juu ya ramani, kikasimama
kwenye nchi ile isiyopokea barua.

Simu ikaja kutoka Dodoma. "Una uhakika, mama?"
Wa kalamu ninao, nikasema.
Wa moyo wa mtu, muulizeni mwenyewe.

Asubuhi redio ya Lusubilo ilitangaza kwa sauti ya msiba.
Vijana wa Fuso wakaendelea kushindilia lumbesa.
"Bomu? Na gunia leo shilingi ngapi?"
Nikanunua chumvi, nikaenda zangu.

Wiki ile majirani wa nchi ile walikutana.
Siku mbili zikaishia kwenye viti:
nani aelekee mlango, nani aelekee dirisha.
Mmoja alitaka soko lifungwe. Mwingine,
anayemuuzia mafuta usiku, akasema tusiharakishe.
Nilisikiliza, kiazi kikapoa mkononi,
maana kikao hicho nimewahi kukipikia chai.

Ilikuwa Ndaga, mwaka mjomba Kajigili aliposhindwa kesi ya shamba.
Alijifungia na wanawe watano,
gobole juu ya magoti, baruti kwenye kopo la maziwa.
Atakayegusa ua, alisema, tutakwenda wote.
Tukakaa vikao miezi minane.
Tukatuma washenga; mjumbe hauawi,
ila yule wa tatu alirudi bila kofia.
Mwisho tukamkatia mfereji.
Midomo iliyopasuka kwanza ni ya watoto.
Yeye alikuwa na pombe.

Ni shangazi Subilaga ambaye hakuja vikaoni.
Kila Jumamosi aliweka kikapu cha mianzi penye ua,
viazi, majani ya maboga, ndoo ya maji pembeni,
akageuka bila kubisha hodi.
Tulimwita msaliti. Mimi pia nilimwita.
Mjomba hakufungua lango.
Lakini Jumamosi ya sita kikapu kilikuwa nje,
kitupu,
kimeoshwa.

Sijui kikapu cha ukubwa gani kinatosha nchi nzima.
Wenye suti ndio wenye kujua, au hawajui, wanavaa suti.
Mimi huwaza kibanda kama hiki, upande ule:
mtu amekalia debe, koti limeisha viwiko,
mlima umemruka chini ya nyayo
na kalamu yake imeandika kila kitu
na daftari lake limeamriwa kuandika: hali shwari.
Naye ana kiazi? Ana mkaa?
Mstari wangu na mstari wake ni mstari mmoja,
na hatutasalimiana kamwe.

Usiku nikabadili karatasi, nikaongeza wino.
Ukungu ukashuka ukafuta shamba la pareto, ukafuta njia.
Saa saba kalamu ikaruka tena.
Moyo ukanipanda kooni. Nikachukua tochi.

Ng'ombe wa Mwaisumo, anajikuna kwenye nguzo.

Nikarudi, nikaandika:
saa, dakika, sekunde.
Ng'ombe.